Binti Asiye na Silaha

Mashine ile niliipata kwa mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa akifanya kazi Maskati. Ilikuja ndani ya sanduku la nguo, imeviringishwa kwenye mashati yake ya zamani, pamoja na pedi mbili za kuchezea, waya za kila namna na sidii saba za gemu. Kwenye barua aliandika maneno machache: "Dada, kiwanda kimekufa, ndoa imekufa, wewe bado hujafa. Weka hii sebuleni, vijana wa mjini watakuja wenyewe." Ndivyo alivyokuwa. Akitaka kukuonea huruma, anakuchoma kwanza.

Nilikuwa na miaka thelathini na moja, na nilikuwa nimerudi Temeke, kwenye nyumba ya marehemu baba, mwaka mmoja tu. Kiwanda cha nguo nilichokuwa nikifanya kazi kilikuwa kimeuzwa, walionunua wakapunguza watu, na mimi nikapunguzwa. Miezi michache baadaye mume wangu akanirudisha kwetu. Tulikuwa tumekaa miaka sita bila mtoto. Siku ile hakupiga kelele. Alibeba begi langu mwenyewe mpaka barazani, akalitua, akamwamkia shangazi yangu kwa adabu zote, akaondoka. Nilisimama pale nikimtazama anavyokwepa madimbwi ya maji ya mvua ili asichafue viatu.

Nyumba ya baba ilikuwa na vyumba sita, vinne vimepangishwa. Wapangaji walinisalimia asubuhi, wakanisalimia na jioni, na kati ya salamu hizo mbili hapakuwa na mtu wa kunisemesha. Si kwamba walinichukia. Mwanamke aliyeachika akirudi kwao hana mahali maalumu pa kukaa: wake za watu hawamtaki barazani wanapozungumza mambo yao, wasichana wanamwona mtu mzima, wanaume wanamtazama vingine. Kuna siku nilikuwa nakwenda dukani kununua kiberiti wakati kiberiti ninacho, nipate tu kusikia "karibu tena."

Kwa hiyo mashine ilipofika nilifanya kama nilivyoambiwa. Nilitoa makochi ya baba sebuleni, nikaweka mabenchi mawili, nikafunga pazia zito dirishani ili jua lisipige kwenye televisheni. Fundi mmoja wa gereji ya jirani, mtu wa makamo yangu, alikuja kunivutia waya. Kazi yake hasa ilikuwa kupiga rangi magari, lakini mtaani mtu akishaitwa fundi basi anaitiwa kila kitu. Kucha zake zilikuwa na rangi daima, wiki hii nyekundu, wiki ijayo buluu.

Vijana walikuja kweli. Walitoka Tandika, wakatoka Keko, wengine wakubwa wana ndevu, wakabanana kwenye mabenchi wakilipia kucheza mpira na ngumi. Waliniita sista. Kelele zilijaa nyumba mpaka wapangaji wakanuna, lakini mie nilizipenda. Nilikaa kwenye kigoda kando ya mlango nikisikiliza watu wakibishana kama penalti ilikuwa halali au siyo, na kwa masaa hayo nyumba ilionekana ina wenyewe. Jioni wakiondoka wote kwa pamoja, ukimya ulioingia ulikuwa mkubwa kuliko ule wa kabla hawajaja.

Sidii ya saba hakuna aliyeigusa kwa muda mrefu. Maandishi yake hatukuweza kuyasoma, yalikuwa ya Kijapani nadhani, na juu ya kasha palikuwa na picha ya binti mwenye gauni la njano, amekupa mgongo, amesimama peku kwenye korido ndefu. Siku moja vijana walichoka na mpira wakaiweka.

Gemu yenyewe ilikuwa hivi. Binti yumo ndani ya hoteli kubwa iliyofungwa, nje kuna theluji. Lazima atafute funguo, afungue mlango mmoja baada ya mwingine mpaka atoke. Ndani kuna mlinzi mwenye taa ya mkononi, anachechemea, anamtafuta. Uso wake huuoni. Unaona mwanga chini ya mlango, kisha unasikia mguu mmoja ukikanyaga na mwingine ukiburuzwa. Binti hana bunduki, hana kisu, hana hata fimbo. Akikimbia sana anachoka, anashika ukuta, anahema. Na kuna jambo lingine ambalo vijana hawakuweza kulisamehe: akiogopa kupita kiasi, haufuati mkono wako. Unabonyeza aende kushoto, yeye anakimbilia kulia, anajikwaa, anaanguka.

"Oya, mbona nambonyeza haendi?" alilalamika aliyekuwa na pedi.

"Anaogopa," mwingine akamjibu.

"Sasa gemu gani hii, mtu anaogopa? Sista, hii kimeo."

Lakini hawakuiacha. Walibuni mchezo wao ndani ya ule mchezo. Badala ya kumtoa binti, wakaanza kushindana nani atamfikisha kwa mlinzi haraka zaidi. Walimwendesha kwenye korido moja kwa moja mpaka kwenye ile taa. Binti alikuwa akirudi nyuma mwenyewe, akitikisa kichwa, nao wanabonyeza aende mbele. Akishikwa alipiga ukelele mmoja, televisheni inakuwa nyeusi, na benchi zima linapiga makofi. Yule fundi rangi alikuwepo siku hiyo. Ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote.

Nilivumilia mara tatu, mara nne. Mara ya tano niliinuka nikachomoa waya ukutani.

"Sista, umeme umekatika?"

"Nimekata mie."

"Kwa nini sasa?"

"Hamchezi nyie. Mnachinja."

Walitazamana. Mmoja akasema kwa upole, kama anavyosemeshwa mgonjwa, "Lakini sista, ni gemu tu. Yule hana roho."

"Najua hana roho," nilisema. Nilisimama na waya mkononi mpaka wakatoka wote. Siku iliyofuata walikuja wachache, na kesho yake wachache zaidi. Maneno yalikuwa yamepita mtaani kwamba dada wa gemu ana kichaa kidogo.

Asubuhi moja katika zile siku za ukimya, kabla sijafungua mlango wa mbele, niliweka ile sidii mwenyewe. Nilitaka tu kujua kama kweli anaweza kutoka. Sikuwahi kushika pedi kabla ya hapo. Nilimpoteza dakika ya kwanza. Nikarudia. Mara ya tatu au ya nne nikaona mwanga chini ya mlango, nikamwingiza binti kabatini, nikaacha kubonyeza chochote. Pedi ikaanza kutetemeka viganjani mwangu, du-du, du-du, haraka haraka. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ule ulikuwa moyo wake. Mguu ukakanyaga, mwingine ukaburuzwa. Mwanga ukapita kwenye upenyo wa kabati, ukasimama, ukaondoka. Mapigo yakapungua polepole. Nikagundua kwamba nami nilikuwa nimebana pumzi, na kwamba machozi yananitoka, na kwamba nimefurahi. Sikumbuki kufurahi namna ile tangu niondoke kiwandani.

Nililiona jambo lenyewe la aibu. Mtu mzima, peke yake, pazia limefungwa, anafurahia kuogopa. Lakini naujua mzizi wake. Miaka sita ya ndoa yangu nilikuwa hodari wa kusikiliza. Nilijua kutokana na namna funguo zilivyotua mezani kama leo ni siku ya kuzungumza au siku ya kubaki jikoni hadi alale. Hakunipiga, niseme ukweli, ila kulikuwa na jinsi ya kunitazama. Na ustadi huo wote wa kusikiliza hakuna aliyewahi kuuita ustadi. Mama mkwe aliuita unafiki. Mimi mwenyewe niliuita woga. Katika hoteli ile, kujificha kulikuwa ndiyo kazi. Ukijificha vizuri unafungua mlango wa pili.

Nikawa nacheza kila asubuhi. Nilinunua daftari la mistari nikachora ramani za ghorofa, nikaweka alama palipo na kabati, palipo na kitanda cha kuingia chini yake, na ubao unaolia ukikanyagwa.

Jumanne moja mlango uligongwa kabla ya saa mbili. Alikuwa fundi rangi, ovaroli lake bado kavu, hajaanza kazi.

"Habari za asubuhi, dada."

"Nzuri. Bado sijafungua."

"Najua." Akatazama chini. "Nimekuja kwa ajili ya yule binti."

"Umekuja kumchinja?"

"Hapana. Ile siku..." Akajikuna shingoni. "Nilicheka, lakini pedi ilikuwa mikononi mwangu mara ya mwisho. Nilisikia ule mtetemo. Nilikwenda nyumbani nao. Nataka kujaribu vizuri."

Niliacha mlango wa mbele wazi nusu, ili mpita njia aone hakuna siri, nikampa pedi.

Alicheza vibaya mno. Kila alipoona taa alitaka kusimama apigane.

"Kitu cha kupigia kiko wapi?" akauliza.

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Kuna kabati. Kuna chini ya kitanda. Kuna kunyamaza."

Akacheka kidogo, si kile kicheko cha siku ile. "Basi hii gemu ya wanawake."

"Jaribu kwanza."

Alijaribu wiki nzima. Alikuja kila asubuhi kwa nusu saa kabla ya gereji kufunguliwa, yeye ana pedi, mie nina daftari, na kati yetu kwenye benchi ninaweka chai. Nilikuwa namwambia, "Simama. Sikiliza. Sasa." Alijifunza kutembea polepole. Alijifunza kwamba binti akipumzika kwanza, akiachwa ashike ukuta aheme, anatii mkono; akisukumwa anapotea. Siku alipofanikiwa kumpitisha jikoni mbele ya mlinzi bila kuonekana, alitua pedi magotini akaipangusa kwenye ovaroli, kwa kuwa mikono ilikuwa imelowa jasho.

"Dada, unajua kwa nini napenda?" alisema. "Kule gereji bosi ananitukana mbele ya wateja. Nyumbani nina watoto watatu, mke anataka hiki, mama mkwe anataka kile, na vyote nashindwa. Hapa kuna mtu mmoja, bila mie hafiki popote. Namlinda."

Sikuwa na desturi ya kumwambia mtu kitu cha ndani.

"Mie simlindi," nikasema. "Mie nikishika pedi, najificha naye. Tupo wawili kabatini."

Binti kwenye televisheni alikuwa amesimama anatusubiri, anasugua mguu mmoja juu ya mwingine kwa baridi. Kisha fundi akasema, bila kunitazama, "Kwa hiyo nikicheza mie, nakuwa nakulinda na wewe?"

Sikujua niweke wapi uso. Niliinuka nikasema chai imepoa, nikaenda jikoni, nikasimama pale kwa muda mrefu kuliko chai inavyohitaji. Niliporudi alikuwa ameshakwenda kazini, kikombe amekifunika kwa sahani.

Kesho yake alikuja kama kawaida, na hakuna aliyelitaja lile neno. Alikuwa amekuja na karatasi. Kijana mmoja wa Kihindi mwenye duka la kanda za video Kariakoo alimpa siri: ukibonyeza vitufe kwa mpangilio fulani kabla gemu haijaanza, binti anapewa bunduki, na hachoki tena wala haogopi.

"Tujaribu," alisema, macho yanamng'aa.

Tulibonyeza, tukakosea, tukabonyeza tena. Kweli. Binti yule yule, gauni lile lile la njano, amesimama koridoni na bunduki ndefu mkononi. Mlinzi akatokea na taa yake. Fundi akabonyeza mara moja, mlinzi akaanguka, taa ikabingiria mpaka ukutani. Tulipiga kelele wote wawili kwa furaha. Mpangaji wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Basi akamtembeza. Mlango wa kwanza, wa pili, jikoni, ghorofa ya juu. Mlinzi akiinuka anaangushwa tena. Binti alikimbia bila kuhema. Nilifunga daftari kwa kuwa hapakuwa na haja ya kujua kabati liko wapi. Zikapita dakika kumi hivi, nikamwona fundi anapiga mwayo.

"Pedi haitetemeki," akasema.

"Moyo haumwendi mbio."

"Sasa mie nafanya nini hapa?" Akaniangalia. "Hanihitaji."

"Wala mie hanihitaji."

Tukazima, tukawasha upya, tukamrudisha kwenye udhaifu wake. Nilijisikia vibaya kidogo. Mtu alikuwa amepewa nguvu, na sie wawili tukamnyang'anya ili tupate raha yetu. Nilimwambia hivyo. Fundi alisema, "Mbona unafikiri sana, dada," lakini kidole chake kilikaa juu ya kitufe cha kuanzia kabla ya kukibonyeza. Tangu siku ile sikuweza kuwalaumu wale vijana wa benchini kwa moyo wote. Wao walitaka asiye na silaha ili wamwangushe, sie tulimtaka asiye na silaha ili atushikilie. Tofauti ipo, kubwa tu, lakini sote tulihitaji asiwe na kitu mkononi.

Tulikuwa tumefika ghorofa ya mwisho wakati shangazi alipokuja kutoka Kawe. Ndiye aliyenilea baada ya mama kufa, na ndiye aliyenipokea siku ya begi. Alikuja mchana, mabenchi yamejaa vijana, akapitia mlango wa nyuma.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Njoo chumbani."

Alikaa kitandani kwangu bila kuvua baibui.

"Watu wanasema kuna mwanaume anaingia humu kila asubuhi. Ana mke na watoto."

"Anakuja kucheza gemu, shangazi. Mlango unakuwa wazi."

"Mlango wazi, pazia limefungwa. Mwanangu, wewe huna wa kukusemea. Mwanamke mwenye mume akisemwa, mume anajibu. Wewe nani atajibu?"

"Basi ngoja nikuonyeshe hiyo gemu yenyewe."

Nilisubiri vijana wapungue, nikawaomba waliobaki wanipishe kidogo, nikamketisha shangazi kwenye benchi. Nikaweka sidii. Nilimpeleka binti mahali ninapopajua vizuri, na taa ilipotokea nikamwingiza chini ya kitanda. Shangazi alisogea mbele. Mguu mmoja ukakanyaga, mwingine ukaburuzwa. Nikampa pedi ashike, asikie. Aliishika kama mtu aliyepewa kifaranga.

"Yu hai huyu?" alinong'ona.

"Hapana. Ni mashine inatetemeka."

"Na huyu mtoto kamkosea nini nani?"

"Haijulikani. Maandishi hatuyasomi."

Mwanga ulipita kando ya kitanda. Shangazi akanirudishia pedi haraka, akasimama.

"Zima. Roho inaniuma." Akajifunga baibui vizuri. "Nyie mnaona raha gani? Mtoto peke yake, hana baba, hana mama, hana hata kiatu, nyie mmekaa mnatazama na chai?"

Alipokuwa anatoka alinishika mkono na kusema kwa sauti ya chini kwamba hakuja kunigombeza, amekuja kwa kuwa ananipenda, na kwamba asubuhi nifungue pazia. Nilimsindikiza mpaka barabarani.

Asubuhi iliyofuata nilifungua pazia. Jua liliingia likapiga moja kwa moja kwenye televisheni, picha ikapotea. Fundi alipofika alisimama nje ya dirisha badala ya kuja mlangoni. Nadhani na yeye alikuwa ameambiwa.

"Leo vipi, dada?"

"Leo kuna jua."

Alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa. "Mke wangu kasikia maneno," alisema. "Nilimwambia ni gemu. Kaniuliza, gemu gani ya watu wawili inachezwa na mmoja?"

Tulicheka, wote wawili, kwa sababu mke wake alikuwa na haki ya kuuliza. Kisha akasema atakuja mchana na wenzake siku akipata nafasi. Nilimwangalia akienda mpaka akaingia geti la gereji. Nikafunga pazia tena, maana hakukuwa na la kusemwa juu ya mwanamke aliyefunga pazia na yumo peke yake.

Nilimaliza gemu mwenyewe. Ilinichukua siku tatu au nne. Ghorofa ya mwisho ilikuwa ngumu, korido ndefu haina kabati wala kitanda, na mlinzi yuko nyuma. Hapo ndipo nilipogundua kwamba si lazima kukimbia. Ukimwacha binti asimame, ageuke, amtazame yule mtu, taa inasimama. Haisogei. Ukigeuka kukimbia, inakuja. Basi nilimrudisha kinyumenyume, hatua kwa hatua, amemkazia macho, pedi inapiga viganjani mwangu mpaka vidole vikafa ganzi, hadi mgongo wake ukagusa mlango.

Ulifunguka. Mwanga mweupe, theluji imekoma, kuna barabara. Binti alitoka, akatembea. Niliposogeza kidole aende polepole hakunifuata. Alikuwa anakwenda mwenyewe sasa. Pedi ilinyamaza. Majina ya waliotengeneza yakaanza kupanda kwa maandishi yale, na yeye anazidi kuwa mdogo barabarani. Hakugeuka nyuma. Nilikuwa nimetarajia atageuka, sijui kwa nini. Nilikaa na pedi iliyotulia, sebule imejaa vumbi la mwanga wa pembeni mwa pazia, na nikatamani sana kumwambia mtu, "Ametoka." Mpangaji mmoja alipita uani na ndoo. Nikamwambia habari za asubuhi. Akasema nzuri.

Nilijaribu kuanza upya. Haikuwa ile. Nilijua taa itatokea wapi na lini, nilijua haimfuati anayeitazama, na moyo wa binti ukipiga, wangu haukupiga. Baada ya siku mbili nikaacha.

Ilipita kama miezi miwili ndipo fundi alipoingia mchana mmoja na wenzake wa gereji. Walicheza mpira, wakapigiana kelele, akafungwa. Wengine walipotoka, yeye alibaki nyuma mlangoni akijifanya anatafuta kandambili yake.

"Dada," alisema kwa sauti ndogo. "Alitoka?"

Nilimtazama. Alikuwa amekonda kidogo, na safari hii rangi ya kuchani ilikuwa nyeupe. Ningeweza kumweleza yote, korido ile ndefu, na jinsi ya kugeuka na kutazama. Angefurahi. Lakini nikaona kwamba nikishamwambia, hatakuwa na sababu ya kuuliza tena.

"Bado," nilisema. "Bado yumo."

Uso wake ukafunguka. "Basi usimtoe kwanza. Nitakuja tumtoe wote."

"Nakusubiri."

Siku hiyo hiyo niliweka sidii, nikacheza mpaka mwanzo wa korido ya mwisho, nikahifadhi mchezo pale kwenye kadi ndogo ya mashine, ili akija amkute. Nilifanya hivyo kwa uaminifu kabisa, kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni.

Hakuja. Gereji ilihamishwa Mbagala mwaka ule ule, kiwanja kikauzwa, pakajengwa ghala. Nilisikia kwamba alikwenda na wenzake, baadaye nikasikia kwamba alipata kazi bandarini, na mengine sikusikia. Sikumtafuta. Ningemwambia nini mke wake mlangoni?

Mabanda mengine ya gemu yalifunguliwa, yenye televisheni kubwa na feni, vijana wangu wakahama mmoja mmoja. Nilimuuzia mashine kijana wa Chang'ombe aliyekuwa anaanza biashara. Alipokuwa anaikagua alifungua ile kadi ndogo inayohifadhi michezo, akaona kuna kitu kimehifadhiwa.

"Dada, hii nifute? Inajaza nafasi."

"Ni ya nani?" nilimuuliza, kama vile sijui.

"Sijui. Kuna msichana kasimama tu."

Nilimwambia afute akitaka. Alifunga mashine kwenye boksi pamoja na kadi, na sikumwona akifuta chochote, wala sikumwona akiacha. Nilimsaidia kubeba televisheni mpaka kwenye mkokoteni. Kisha nikarudi ndani nikarudisha makochi ya baba mahali pake, moja moja, nikiyasukuma kwa mgongo kwa kuwa hapakuwa na wa kushika upande wa pili.